Mama Mkwe Alipofungua Kinywa

Yunis alikalishwa stoo. Mchana kweupe wa Jumamosi, mgahawa umejaa, harufu ya nyama ya mbuzi inavuka barabara mpaka kule malori yanakoegeshwa, na yeye, mama mzima wa watu, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama kanisani kwao Berega, amewekwa nyuma ya pazia kati ya gunia la mahindi na madumu ya mafuta, sahani yake juu ya stuli ya plastiki. Wala msikimbilie kusema ameonewa. Hakuonewa. Mpishi wa mgahawa ule alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, na katika ukoo wao mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hafungui kinywa mkwe akayaona meno yake. Wakikutana njiani, mkwe anapisha, anachuchumaa huko majanini, anasema shikamoo akiwa ametazama pembeni, na mama anaitikia marahaba huku akipita mbiombio kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Hali hiyo ina mwisho wake, na ndiyo maana watu huivumilia. Siku ikifika, mjomba wa binti anaita ndugu, mkwe anachinja mbuzi, mama mkwe anakaa mbele ya watu wote na kuila nyama ile mkwe akimtazama. Mjomba akitamka kwamba kinywa kimefunguka na wanawake wakapiga vigelegele, basi, mkwe amekuwa mtoto wa nyumba, na hakuna tena wa kumwambia mke wake arudi kwao. Wenyewe wanaita kufunguliana kinywa. Kwa wengine hufanyika mwaka wa kwanza wa ndoa, wa pili ukichelewa sana. Yunis na mkwewe Thadeo walikuwa kwenye mwaka wa sita na kinywa bado kimefungwa, kwa sababu mwenye kuita ndugu ni mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa Yared.

Yared alikuwa kaka yake Yunis, mzaliwa wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na pikapu, mkazi wa Mabwerebwere pale Kilosa mjini. Muda huu alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia, kwenye meza ya mbele kabisa, kofia kaiweka gotini, sahani aliyoletewa kaisukuma mbali kwa kidole kimoja. Hakuja kula. Alikuja kumchukua Happiness, binti wa dada yake, amrudishe Berega.

Alimweleza Yunis njiani, mikono yote miwili kwenye usukani. "Yule kijana ametudhalilisha vya kutosha. Binti anarudi nyumbani leo. Wewe kazi yako ni kuwepo tu, watu wasije wakasema nimemteka." Yunis akanyamaza. Kunyamaza alikujua vizuri. Mumewe alipofariki, Yared ndiye aliyeiezeka upya nyumba yake kwa bati la bluu, na tangu hapo hapakuwa na mazungumzo ambayo bati hilo halikuhudhuria. Yunis akiuliza jambo, bati. Akitoa wazo, bati. Mtu anakupa paa, kumbe amekuchukulia na ulimi.

Kosa la Thadeo lilikuwa moja, kwamba anapika, na anapika hadharani. Ni mzaliwa wa Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa ya mpunga na baiskeli, lakini Mikumi nzima wanamwita Mmeksiko. Alifanya kazi miaka mingi kwenye jiko la hoteli moja ya watalii, na huko ndiko alikofundishwa na mama mmoja mpishi aliyekuja kutoka Meksiko akakaa msimu mzima. Corona ilipowafukuza watalii, Thadeo akarudishwa nyumbani na aproni yake. Akakodi fremu kando ya barabara kuu pale Mikumi, akatafuta kikaango kipana cha chuma, akamwita fundi wa maandishi amwandikie ukutani jina la chakula chenyewe. Fundi akaliandika kama linavyosikika, herufi nyekundu kubwa, TAKO. Weee! Watu wakawa wanapita pale kucheka tu, wasichana wanaziba nyuso, hakuna anayethubutu kuagiza. Akafuta, akaandika CHAPATI ZA MEKSIKO, na biashara ikaanza.

Na ni chapati kweli, ila ndogo, za mahindi. Mahindi yanachemshwa na maji ya majivu mpaka maganda yanatoka, yanasagwa yakiwa bado na maji yake, yanatandazwa duara, yanachomwa bila mafuta. Juu yake nyama ya mbuzi iliyokuwa jikoni tangu alfajiri mpaka inajichambua yenyewe, kitunguu kibichi, giligilani, parachichi la kupondwa, na rojo ya nyanya za kuchoma zilizotwangwa na pilipili kichaa. Madereva wa Tunduma walikuwa wanaagiza kwa simu wakiwa bado Morogoro. Thadeo anasimama jikoni, na jiko liko wazi mbele ya wateja, aproni ya maua kiunoni. Happiness yuko mbele, anakaribisha watu, anataniana nao, anapanga meza. Ndoa yao iliendeshwa hivyo na ilikuwa inakwenda.

Ila ilimchoma Yared siku ya harusi moja huko Mabwerebwere. Mtu mmoja alipaza sauti mbele ya meza ya wazee, "Mzee Yared, mkwe wenu bado anavaa ile aproni ya maua?" Watu wakacheka wakashika mbavu. Yared hakucheka. Ile sherehe ya kinywa, ambayo miaka yote alikuwa anaisogeza mbele kwa visingizio, mara mvua mbaya, mara tuna msiba, akaifuta kabisa kichwani mwake.

Sasa huko stoo Yunis alikuwa na shida yake nyingine.

"Mama, hapana, hiyo siyo ugali," Happiness alimwambia kwa sauti ya chini. Alikuwa ameingia kumwangalia.

Yunis alikuwa ameshaimega chapati, amefinyanga tonge, anatafuta pa kuchovya. Nyama imemwagika, parachichi limemjaa vidole vyote.

"Sasa inaliwaje?"

"Unaikunja hivi. Unainamisha kichwa pembeni. Halafu unafungua mdomo wote, mama."

"Wote?"

"Wote. Hii haina adabu. Ukiila kwa adabu inakumwagikia."

"Basi kumbe wamefanya vizuri kunificha huku," Yunis alisema, na wote wawili wakacheka kwa kuziba midomo, mabega yanatikisika, kama enzi zile Happiness akiwa mdogo wanachekea kwaya kanisani.

Kisha Happiness akaacha kucheka. "Mama, mjomba amekuja kufanya nini? Amekataa hata maji."

Yunis aliangalia sahani. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya mkwe wala ya meno. "Amekuja kukuchukua."

"Na wewe umekuja kumsaidia?"

Yunis akaanza kufuta parachichi vidoleni, kidole kimoja kimoja. Happiness akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni na kutoka. Alivyotoka alilipiga pazia kwa mkono, na Yunis alijua lile pigo lilikuwa lake yeye.

Nje Yared akaanza. Hakushusha sauti. Alitaka isikike.

"Thadeo. Zima moto, njoo hapa."

"Mjomba, nina oda za watu," Thadeo alisema kwa upole. "Nakusikiliza nikiwa hapa hapa."

"Unaona? Hata kuitwa hujui." Kiti kilikwaruza sakafu. "Basi sikia hapo hapo ulipo, mbele ya wateja wako. Nimekuja kumchukua mtoto wangu. Mahari yenu mtarudishiwa, hilo lisikusumbue. Happiness, kakusanye nguo zako. Mama yako yupo, gari lipo."

Watu wakaacha kutafuna. Vijiko havikuwa vinatumika pale, kwa hiyo kilichosikika ni mafuta ya nyama tu yakichemka.

"Siendi, mjomba," alisema Happiness.

"Hukuulizwa."

"Ndiyo, sikuulizwa. Na siendi."

"Mjomba, nimekosa nini?" Thadeo aliuliza. "Niambieni nijirekebishe. Kama kuna faini, nitalipa."

"Umekosa uanaume!" Yared akapiga meza. "Mwanamume gani anasimama jikoni na aproni, mke wake anakaa mbele anacheka na madereva? Mimi natembea Kilosa kichwa chini kwa ajili yako!"

Dereva mmoja, Bonifas, aliyekuwa meza ya pembeni na chapati mkononi, akajitosa. "Samahani, mzee wangu. Sisi madereva tunakula tu hapa. Tena dada huyu ukimzidishia utani anakutoa nje."

"Wewe kula ukaendeshe gari," Yared alimkata.

"Nakula, mzee. Ila nasema tu."

Yared akamgeukia tena Happiness, na sasa aliteremsha sauti, ikawa mbaya zaidi. "Nisikilize vizuri, mwanangu. Huyu hajafunguliwa kinywa kwetu. Miaka yote hii ni mgeni tu aliyelala kwetu akasahau kuondoka. Hakuna hata mzee mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kula chakula chake akimtazama. Kwa hiyo ukibaki hapa unabaki kama hawara, siyo mke. Siku ukiugua usitutafute. Siku ukifa hatuji kuzika. Umenielewa?"

Yunis, kule nyuma ya pazia, alisikia binti yake akivuta pumzi mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Hatuji kuzika! Jamani. Kuna maneno mtu huyasema na kuna maneno mtu hayasemi, hata ukiwa na bati la nchi nzima. Mbona Yared alijua vizuri? Alijua kwamba kuzikwa na watu wako ndilo jambo pekee ambalo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. Ndiyo maana alilichagua.

Hasira ilimpanda Yunis kuanzia magotini. Haikuwa hasira ya siku ile peke yake. Alimkumbuka marehemu mumewe, Mungu amlaze pema, mwanamume aliyeheshimiwa na kila mtu, mwenye sauti nzito ya kusoma somo la kwanza kanisani, ambaye hakuwahi hata siku moja kumchemshia chai, hata alipokuwa amelala na homa ya uzazi na mtoto analia ubavuni. Yule alikuwa mwanamume kamili. Hakuna aliyepiga meza kwa ajili yake.

Na akamkumbuka Thadeo mwaka ule Happiness alipopoteza mimba, akalazwa hospitali pale Berega, Yunis akawa anamuuguza. Kila asubuhi Thadeo alileta uji wa mtama wenye maziwa na tangawizi, ameupika mwenyewe nyumba aliyofikia. Hakuingia wodini, kwa sababu mama mkwe alikuwemo. Aliweka chupa ya uji na vikombe kwenye ngazi, akarudi nyuma mpaka kwenye mti wa mjohoro, akageuka akatazama barabara. Yunis akatoka, akachukua chupa, akaingia. Kesho hivyo hivyo. Vikombe kila mara vilikuwa viwili. Hakuna aliyemwomba kile cha pili. Yunis aliunywa uji ule akiwa amejigeuzia ukutani, na tangu siku zile akawa anamjua mkwewe kwa mgongo na kwa uji, basi, uso wake hakuwahi kuuangalia sawasawa.

Huyo ndiye aliyekosa uanaume!

"Yunis!" Yared aliita kuelekea pazia. "Maliza kula, tunaondoka. Njoo umwambie mwanao akusanye nguo."

Yunis akasimama. Magoti yalilia kama kawaida yake. Akaichukua sahani, ambayo chapati mbili zilikuwa bado nzima juu yake, akapiga moyo konde, akalisogeza pazia kwa bega na kutokea mbele za watu.

Thadeo kuona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kinatokeza, akageuka ukutani upesi, mwiko mkononi, kichwa chini. Aliinama mpaka kamba za aproni zikaonekana zote. Heshima ya namna hiyo, wakati mtu anatukanwa nyumbani kwake, ilimuuma Yunis kuliko matusi yenyewe.

"Sahani ya nini hiyo?" Yared aliuliza. "Iache huko ndani."

"Sijamaliza kula, kaka. Umesema nimalize." Yunis aliivuta stuli ya karibu akaketi katikati ya mgahawa, uso ukielekea jikoni, sahani mapajani.

"Huwezi kulia hapo. Mkwe yupo."

"Namwona."

Sasa watu waliacha kabisa kula. Wale wasiojua desturi waliulizana kwa macho, wanaojua wakawaminya mikono wanyamaze. Joha, jirani aliyekuwa na genge la matunda upande wa pili wa ukuta, akaja kusimama mlangoni na chungwa lake la kumenya, kisu kimesimama hewani.

"Kaka," Yunis alisema. "Umesema hakuna mzee wa ukoo wetu aliyekula chakula cha mtoto huyu akimtazama. Ni kweli. Na anayetakiwa kula ni nani? Ni mimi. Siyo wewe. Wewe kazi yako ilikuwa kuita ndugu, na hukuita. Miaka sita umekalia shughuli yangu kama umekalia kiti."

"Shughuli ina utaratibu wake!"

"Utaratibu upi? Mbuzi? Huyu hapa." Akaonyesha sahani. "Mchinjaji? Yule pale ukutani. Mashahidi? Hawa. Kuna dereva wa Tunduma hapa, habari itafika mpaka Zambia. Yamebaki maneno yako tu, uyaseme. Na usipoyasema nitayasema mwenyewe, maana mtoto nilimzaa mwenyewe, sikumbuki kama ulikuwepo."

Kicheko kilimponyoka Bonifas, akakimeza haraka.

Yared alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umemvimba. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akisema watu wanatikisa kichwa kukubali, na leo kichwa alichokizoea kuliko vyote kilikuwa hakitikisiki. Akajaribu lile ambalo halikuwahi kumwangusha.

"Yunis. Nakuonya. Ukiuma hicho kitu mbele ya huyu mtu, usinihesabu tena. Na lile bati unalolala chini yake..."

"Kaliezue."

"Unasemaje?"

"Kaezue bati lako, kaka. Ngazi iko nyuma ya choo. Mvua itaninyeshea mimi, haitakunyeshea wewe." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, lakini sauti haikuyumba. "Nimekaa chini ya bati lile nikakaa na mdomo wangu mfukoni. Leo umesema hutamzika mwanangu. Basi chukua na bati, chukua na misumari."

Pale mlangoni Joha alisema, "Ehee!" bila kukusudia.

Yunis akageuka jikoni. "Thadeo."

Hakuwahi kulitamka jina lile. Mama mkwe halitamki. Thadeo aliinama zaidi, hakugeuka.

"Thadeo, mwanangu, geuka unitazame."

"Mama, siwezi," alijibu akiutazama ukuta. "Nitakuvunjia heshima."

"Heshima yangu naivunja mwenyewe, nina kazi nayo. Geuka."

Happiness alikwenda akamshika mumewe kiwiko, taratibu, akamgeuza. Thadeo akainua macho. Alikuwa na uso wa kawaida, mpana, mashavu yamepata wekundu wa moto, kovu dogo juu ya nyusi. Yunis akauangalia wote, bila haraka, maana alikuwa ameungoja muda mrefu. Kisha akakunja chapati kama alivyofundishwa, akainamisha kichwa pembeni, akafungua mdomo.

Aliufungua wote. Yale mapengo mawili ya mbele aliyokuwa akiyafunika kwa kiganja kila anapopigwa picha, leo yalipata hewa mbele ya malori yote ya barabara kuu. Akauma. Rojo ilimtoka pembeni ya mdomo, ikateremka kidevuni, ikapita kiganjani mpaka kwenye kiwiko, ikadondokea kitenge cha Umoja wa Akina Mama. Hakufuta. Akatafuna mdomo wazi, kwa makusudi, akimtazama Thadeo usoni. Pilipili kichaa ikampata, pua ikaanza kutiririka, machozi yakachanganyika na yale ya mwanzo, akaendelea kutafuna. Nyama ilikuwa laini, na ndani ya ile chapati alisikia majivu, yale yale ya makande ya bibi yake. Akameza. Mgahawa mzima uliona koo lake likipanda na kushuka.

"Nimekula," alisema kwa nguvu. "Mimi Yunis nimekula chakula cha mkono wa mkwe wangu, na yeye ameniona. Kinywa kimefunguka. Kuanzia leo huyu ni mtoto wangu, na mke wake hana kwao pengine ila hapa. Anayetaka kusema tofauti aseme sasa."

Aliyesema alikuwa Joha, ila hakusema, alipiga kigelegele. Si mtu wa ukoo wao, wala wa dini yao, lakini kigelegele ni kigelegele. Kilitoka pale mlangoni kirefu, kikali, na wanawake wawili waliokuwa meza ya nyuma wakakidaka, kisha Happiness mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa nusu kilio. Madereva wakapiga meza. Kule ng'ambo lori moja likapiga honi, sijui dereva wake alielewa nini.

Yared alisimama katikati ya kelele zile na kofia mkononi. Alimtazama dada yake na ile rojo kidevuni, na kwa muda kidogo ilionekana kama atasema jambo jingine, jambo la kawaida. Akavaa kofia.

"Happiness," aliita akiwa mlangoni, "mara ya mwisho."

"Safari njema, mjomba," Happiness alijibu. "Karibu tena siku ukiwa na njaa."

Pikapu likawashwa. Lilinguruma pale pale bila kuondoka, muda mrefu kidogo, kama mwenye nalo anamngoja mtu. Yunis alilisikia. Alijua anangojwa nani. Akachukua chapati ya pili, akaikunja. Pikapu likageuza likashika barabara ya Kilosa.

Thadeo alikuja kutoka jikoni. Alitaka kuchuchumaa kama alivyozoea, akakumbuka, akabaki kati, hajasimama hajakaa. Kisha akasimama wima mbele yake na kumtazama machoni.

"Mama," alisema. Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo akiwa amemwelekea. "Mjomba ameondoka na gari. Sasa mama utalala wapi?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye adabu, kwa sababu katika ukoo wao, kinywa kifunguke kisifunguke, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Watu wa pale walisubiri jibu pamoja naye.

Yunis akajifuta kidevu kwa kiganja. "Una nyumba?"

"Ninayo, mama. Vyumba viwili."

"Basi unaniuliza nini? Niongezee nyingine, na pilipili yake," alisema, "halafu ukanitandikie. Wewe mwenyewe."